Cheti cha Fedha: Mshahara na Deni Lake

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wenzetu waliokosa nafasi ya shahada huanza kuulizana habari za cheti cha fedha na uhasibu. Sababu yake haifichiki. Ukipita Nakasero unaona mabenki na maofisi yamejaa, na chini ya kilima Benki Kuu ya Uganda iliyofunguliwa mwaka 1966, hata mtu hudhani kwamba nyumba kubwa namna hii haziwezi kukosa nafasi ya karani mmoja zaidi. Tena cheti huchukua muda mfupi kuliko shahada, na karo yake ni ndogo. Lakini wengi wetu hata hiyo karo ndogo hatunayo, basi hukopwa. Hapo ndipo hesabu inapotakiwa.

Wazee wetu hutuambia, "Wewe soma tu, fedha zitafuata." Hawakusema uongo, ila walisoma wakati mwingine. Kabla ya mwaka 1992 aliyeingia Makerere alisomeshwa na serikali, kitanda na chakula juu yake. Mwaka huo ndipo chuo kilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia. Mzee huyo alipopata mshahara wa kwanza, ulikuwa wake wote. Wa kijana wa leo huenda ukawa na mwenyewe kabla haujapokelewa.

Ni kweli kwamba mwaka 2014 serikali iliunda Bodi ya kuwakopesha wanafunzi. Lakini mikopo hiyo ilikusudiwa shahada, na baadaye diploma, hasa katika sayansi na ufundi. Si cheti cha fedha. Uzuri wa mkopo wa namna hiyo ni kwamba mwanafunzi hungojwa mpaka amalize masomo ndipo aanze kulipa. Anayekopa kwa mkopeshaji wa mjini hangojwi. Riba yake huanza kutembea siku ile ile.

Tuseme kijana amekopa shilingi 2,000,000. Mwaka 2024 serikali iliweka mpaka wa riba ya wakopeshaji kuwa asilimia 2.8 kwa mwezi. Mtu akisikia 2.8 huona ni kidogo, kwa kuwa halisikii lile neno "mwezi". Kwa mwezi mmoja ni shilingi 56,000, na kwa mwaka 672,000. Akisoma miaka miwili bila kulipa kitu, riba peke yake ni 1,344,000, hata kama mkopeshaji ana huruma asitoze riba juu ya riba. Basi siku anayopewa cheti anadaiwa 3,344,000.

Tuseme tena kwamba ana bahati, amepata kazi mara moja kwa mshahara wa shilingi 500,000. Mwuza nyanya wa soko la Nakasero hasemi amepata faida kabla hajatoa zilizooza, mchukuzi na ushuru. Na sisi tufanye vivyo hivyo. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2012, ni 52,000. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii huchukua asilimia 5, yaani 25,000. (Hizo za Mfuko ni mali yake bado, na mwajiri huongeza asilimia 10, lakini mwenye nyumba hazitambui.) Zinabaki 423,000. Toa chumba 150,000, chakula 150,000, na taksi 60,000. Zimebaki 63,000.

Riba ya mwezi ni 56,000. Kwa hiyo zinazopunguza deni ni 7,000 tu. Kwa 7,000 kila mwezi, ile riba ya miaka miwili ya masomo itamalizika baada ya miezi 192, ambayo ni miaka 16, na zile 2,000,000 za asili hazijaguswa. Na hapa hajaugua, hajanunua viatu, wala hajatuma kitu nyumbani. Kama baba aliweka kibanja rehani, kila mtu anajua mwisho wake.

Sasa badili jambo moja tu. Kijana yule yule, cheti kile kile, mshahara ule ule, lakini analala kwa shangazi yake bila kulipa chumba. Kila mwezi anaweza kulipa 213,000, na deni lote litakwisha kabla ya miaka miwili. Mimi naona ajabu kwamba tunabishana usiku kucha bwenini ni chuo gani chenye jina, wala hatuulizani nani ana shangazi Kampala.

Iko njia nyingine, ndefu lakini nyepesi. Taasisi ya wahasibu wa Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ina mitihani ambayo mtu huilipia mmoja mmoja. Aweza kushika kazi yoyote, hata ya dukani, akaweka akiba, akalipia mtihani mmoja, akapumzika, kisha akalipia mwingine. Hupita miaka, lakini hakuna anayemgongea mlango.

Katika hesabu yangu tarakimu moja nimeikisia, nayo ndiyo kubwa: mshahara wa kwanza. Ndugu zetu mliotutangulia na mko katika maofisi ya Nakasero, mkija siku ya wazee wa shule hutueleza mnachopata leo. Tungefurahi kama mngeiandikia gazeti hili, bila kutaja majina, mlipokea kiasi gani mwezi wa kwanza, na mlikaa miezi mingapi kabla ya kuupata.