Vali ya Moyo: Kusinzishwa au Nusukaputi?

Leo tuongee na mzazi aliyeambiwa kwamba vali ya moyo wa mtoto wake imekaza na ni lazima ipanuliwe.

Vali ni mlango mdogo wa kupitisha damu upande mmoja tu. Hapa kwetu, mara nyingi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maumivu ya koo ya bakteria yasiyotibiwa vizuri. Mlango ukikaza, mtoto huhema hata akitembea kidogo.

Upasuaji wa kufungua kifua hufanywa kwa nusukaputi. Hapo hakuna kuchagua. Lakini vali nyingine hupanuliwa bila kupasua kifua. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye puto kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Hapo ndipo swali la dawa huja.

Kijana mkubwa mara nyingi hudungwa ganzi pajani, kisha dawa ya kumtuliza. Husinzia huku akipumua mwenyewe. Mtoto mdogo mara nyingi hupewa nusukaputi, kwa sababu hawezi kulala tuli, na kujigeuza mpira ukiwa moyoni ni hatari.

Usidhani kusinzishwa ni salama siku zote. Dawa ikizidi, pumzi hupungua. Nusukaputi nayo huweza kushusha presha, na moyo mgonjwa hauvumilii hilo vizuri. Kwa hiyo daktari wa moyo na mtaalamu wa dawa za usingizi huamua pamoja. Nawe waulize: Mmechagua ipi kwa mtoto wangu, na kwa nini? Akishindwa kutulia mtafanya nini? Nani atachunga pumzi yake?

Waambie kama ana kikohozi au homa, dawa anazotumia, na dawa iliyowahi kumdhuru. Usimwachishe dawa yoyote bila kuambiwa.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Kwa kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe husimamishwa angalau saa 6 kabla ya dawa, iwe ya kusinzia au nusukaputi. Kuhusu maji na maziwa ya mama, fuata saa utakazopewa hospitalini. Mtoto akilia njaa ukampa chai kisirisiri, akiwa usingizini inaweza kupanda na kuingia mapafuni. Hilo huweza kuua. Ikiwa ameshakula, sema. Afadhali siku isogezwe mbele kuliko kumpoteza mtoto.

Kwaherini, hadi kipindi kijacho.