Kasoro Zetu Machoni pa Wengine

Mwaka 1095, mwalimu aliyesifika kuliko wote katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad alifungua mdomo kufundisha, sauti ikakataa kutoka. Abu Hamid al-Ghazali hakuwa bado amefikisha miaka 40. Mamia ya wanafunzi walikuwa wakimsikiliza, na watawala wakimheshimu. Sasa hata chakula kilikuwa hakishuki. Matabibu walimhangaikia hadi wakakata tamaa, wakasema maradhi yameanzia moyoni ndipo yakauingia mwili. Baadaye aliandika mwenyewe yaliyotangulia: alikuwa amejiuliza anamfundishia nani, akaona kwamba nia iliyomsukuma haikuwa radhi ya Mungu, bali cheo na sifa.

Aliacha kazi, akaenda Damascus, kisha Jerusalem na Makka. Matunda ya miaka ile ni Ihya Ulum al-Din, kitabu ambacho masheikh wa Pwani yetu wanakijua vizuri. Humo anauliza: mtu atazijuaje kasoro za nafsi yake? Anataja njia nne. Ya kwanza ni kukaa chini ya sheikh anayeyajua maradhi ya nafsi. Ya pili ni kumpata rafiki mkweli na kumpa ruhusa ya kukukosoa. Ya tatu ni kusikiliza wanayosema maadui zako, na ya nne ni kuchanganyika na watu, ukiona baya kwa mwenzako ulitafute kwako. Kujihesabu peke yako kuna mlango wake katika kitabu hichohicho, lakini kwenye swali hili njia zote nne zinapita kwa watu.

Saikolojia imefika karibu na hapo kwa mwendo wake. Mwaka 2005, Petter Johansson na Lars Hall wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, pamoja na wenzao, walichapisha jaribio ambalo mimi nalihesabu kati ya majaribio ya kustaajabisha zaidi kuhusu akili ya binadamu. Mshiriki anaonyeshwa picha mbili za sura za wanawake, anaombwa aonyeshe inayomvutia zaidi. Mtafiti anamsogezea picha ile juu ya meza na kumuuliza sababu za kuichagua. Mara nyingine, kwa ufundi wa kiinimacho, anayosogezewa ni ile aliyoikataa. Mara nyingi mshiriki hashtuki. Anaishika picha na kuanza kueleza, kwa uhakika kabisa, kwa nini aliipenda. Wapo waliosifu tabasamu au hereni za sura ambayo dakika moja nyuma hawakuitaka.

Watu hawa hawakuwa waongo. Kila mmoja aliamini anasoma moyo wake, kumbe akili ilikuwa inatunga sababu papo hapo. Sehemu kubwa ya kazi ya akili hufanyika mahali tusipoweza kuiona, na maelezo huja baadaye. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa kimya saa nzima akijitafakari, akainuka na hadithi safi isiyo ya kweli.

Na kuna hatari nyingine. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa amewapima wanafunzi hali za moyo na tabia zao za kuwaza wiki mbili kabla ya tetemeko la Loma Prieta kuipiga California, Oktoba 1989. Bahati hiyo mbaya ilimpa nafasi adimu ya kulinganisha kabla na baada. Wale waliozoea kuwaza na kuwazua huzuni zao, wakijiuliza kila mara kwa nini wako hivi, walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, hata wiki saba baadaye. Kwa mtu wa namna hiyo, kumwambia aingie ndani ya nafsi yake zaidi ni kumwongezea mzigo.

Je, wengine wanatuona vizuri zaidi? Inategemea wanatazama nini. Mwanasaikolojia Simine Vazire, katika utafiti alioutoa mwaka 2010, aliwaomba watu wajipime wenyewe, akawaomba na marafiki wao wawapime, kisha akalinganisha na majaribio ya maabara. Kwenye wasiwasi wa ndani, mwenyewe alijijua kuliko wote. Kwenye akili na ubunifu, marafiki walikuwa karibu zaidi na ukweli. Inaeleweka: wasiwasi wangu nausikia mimi tumboni, lakini pale sifa inapogusa heshima yangu, jicho langu lina upendeleo. Nyani haoni kundule.

Wakatoliki nao, kama al-Ghazali, hawakumwachia mtu kazi hii ya kujijua peke yake. Ignatius wa Loyola, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yaliidhinishwa na Papa mwaka 1548, alifundisha kuichunguza dhamiri kila siku, lakini mazoezi yenyewe hufanywa na mlezi wa kiroho pembeni.

Hapa pana tahadhari ninayoisema kwa uzito. Wako wanaojiita walezi wa roho za watu, na kazi yao ni kuwavunja na kuwatawala. Rafiki mkweli hukuonyesha kasoro akiwa faraghani nawe, na kesho yake bado ni rafiki. Na mwenye sonona inayomnyima usingizi na hamu ya kuishi anahitaji mhudumu wa afya. Kukosolewa si dawa yake.

Kwa tuliobaki, mahali pa kuanzia ni kwa mtu mmoja anayetupenda na asiyetuogopa: mke, mume, dada, mfanyakazi mwenza wa siku nyingi. Swali liwe dogo, la kitu anachokiona kwa macho: nikikasirika huwa nafanyaje? Mtu akinipinga kwenye kikao, uso wangu unakuwaje? Kisha umwache amalize, hata kama utetezi umeshafika kwenye ncha ya ulimi.