Alfajiri kando ya mashine ya figo

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 24 na anaishi London. Figo zake ziliposhindwa kazi alikuwa akienda hospitali mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, hata masomo yakamlemea. Sasa husafishwa mwili wake nyumbani. Mrija mwembamba umewekwa tumboni, na usiku mashine huingiza maji yenye sukari. Yakikaa humo huvuta taka za damu kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa na kuingizwa mengine. Kazi hiyo huchukua saa nane au tisa.

Kilichomtia hofu ni Swala. Mwezi wa Juni usiku wa London ni mfupi mno; Isha huchelewa, na Alfajiri huingia yeye angali ameunganishwa na mashine. Akanipigia simu: "Kaka, niikatize?" Nikamwambia asithubutu. Mpira unafika chini. Atandikiwe msala ubavuni mwa kitanda, aletewe birika na beseni atawadhe. Akishindwa kusimama, aswali ameketi.

Ama mama mdogo, yeye alikuwa na funzo lake. Wakati wa kuunganisha mrija mikono huoshwa kwa sabuni, dirisha hufungwa, feni huzimwa, wala haingii mtu, hata aliyebeba kombe la dua, kwani vijidudu vikipenya tumboni huleta maradhi mazito. Alinung'unika sana kuzuiwa mlangoni kwa mwanawe. Siku hizi huketi nje na tasbihi yake, akingoja kusikia mashine ikianza kuvuma.