BAA HII ILIKUWA WAPI? Picha za zamani zaweza kuwaunganisha jamaa

Katika nyumba nyingi za Mbarara, na katika nyumba nyingi za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, haikosekani bahasha au kopo la biskuti lenye picha za zamani. Miongoni mwa picha za arusi na za ubatizo, aghalabu hupatikana moja inayowaonyesha wanaume watatu au wanne wamekaa kuzunguka meza, chupa ziko mbele yao, na nyuma yao ni ukuta wenye bango linaloonekana nusu. Watoto huuliza, "Hapa ni wapi?" Wakubwa hujibu, "Ni baa fulani ya zamani." Kisha picha hurudishwa ndani ya bahasha.

Jibu hilo halitoshi. Baa ya zamani haikuwa mahali pa kunywea tu. Hapo ndipo wafanyakazi walipokutana baada ya kazi, wasafiri walipoacha salamu, na askari wa likizo walipopata habari za nyumbani. Ikijulikana baa, mtaa hujulikana. Na ukijulikana mtaa, hujulikana pia majirani na kazi aliyokuwa akiifanya mzee. Kwa familia iliyotawanywa na vita, jina la baa moja laweza kuwa mwanzo wa njia ya kumpata ndugu.

MJI ULIOBADILIKA

Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, ni mfano mzuri wa mji ambao hauwezi kusomwa kwa kutazama majengo yaliyopo leo peke yake. Mwezi Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliamuru Waasia waondoke Uganda kwa muda wa siku 90. Maduka, hoteli na baa zao zilipewa watu wengine, na mabango mengi yakabadilishwa. Tarehe 17 Septemba mwaka huo huo, wapiganaji waliotoka Tanzania waliishambulia kambi ya Simba mjini humo, wakashindwa. Kisha, mwezi Februari 1979, katika vita vilivyofuata uvamizi wa Kagera, majeshi ya Tanzania yaliuteka mji, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa.

Kwa hiyo jengo moja laweza kuwa na majina mawili au matatu: jina la kabla ya 1972, jina la baada yake, na jina la jengo jipya lililosimama juu ya msingi ule ule. Wazee wawili waweza kubishana juu ya picha moja, kumbe wote wawili wasema kweli, ila kila mmoja anataja mwaka wake. Ndiyo sababu haifai kuuliza jina la baa bila kuuliza na wakati.

PICHA ZILIZOTUNZWA

Kwamba picha za watu wa kawaida zina thamani, Mbarara yenyewe imethibitisha. Musa Katuramu, mwalimu wa useremala aliyekuwa pia mpiga picha, aliwapiga picha watu wa Ankole kwa miaka mingi katikati ya karne ya 20. Negativu zake, zaidi ya elfu moja, zilisalimika kwa kuwa familia yake haikuzitupa. Mradi wa HIPUganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens pamoja na Canon Rumanzi, ulizinakili na kuzionyesha kwa watu.

Mjini Kampala nako, mwaka 2015, ziligunduliwa katika shirika la utangazaji la UBC negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Wapiga picha hao walikuwa wakiandika juu ya bahasha maelezo ya tukio na tarehe yake. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya picha za ofisi na picha za nyumbani: nyumbani picha ipo, lakini maandishi hayapo. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

KUSOMA KILICHOMO

Kabla ya kumwuliza mtu yeyote, yapasa picha yenyewe ichunguzwe kwa utulivu, mahali penye mwanga wa kutosha, kwa kioo cha kukuzia au kwa simu.

Kwanza, hakikisha kuwa picha haikusafishwa kinyumenyume. Maandishi ya bango au ya chupa yakisomeka kwa kugeuka, basi kila kitu kimegeuka: mlango wa kushoto ulikuwa kulia.

Pili, tazama gari, ikiwa lipo. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha magari upande wa kushoto wa barabara. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia. Namba za magari ya zamani husaidia pia: za Uganda zilianza kwa herufi U, za Kenya kwa K.

Tatu, tazama chupa, lakini usiharakishe. Kiwanda cha Uganda Breweries cha Port Bell kilianzishwa mwaka 1946, na bia yake ya Bell ni ya tangu mwaka 1950. Nile Breweries cha Jinja kiliundwa mwaka 1951. Chupa ya bia hizo inaelekeza macho Uganda. Lakini chupa ya Primus haitoshi kutaja nchi, kwani bia hiyo imetengenezwa Kongo, Rwanda na Burundi. Vivyo hivyo pombe ya ndizi: Ankole huitwa tonto, Rwanda urwagwa, na mashariki ya Kongo kasiksi. Kibuyu na mrija wa tete havisemi vimetoka upande gani wa mpaka.

Nne, tazama mavazi na ukuta. Sketi fupi zilipigwa marufuku Uganda mwaka 1972. Sura ya Amin ukutani haiwezi kutangulia Januari 1971. Nchini Zaire, katika miaka ya 1970 na 1980, wanaume waliacha suti na tai wakavaa koti la abakosti. Jina lenyewe la Zaire lilitumika tangu 1971 hadi 1997, na jina la Usumbura liligeuka kuwa Bujumbura wakati Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962.

Tano, familia za askari zitazame beji. Kikosi cha nne cha KAR kiliitwa Uganda Rifles tangu uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, na baadaye kikawa Jeshi la Uganda. Beji ya begani yaweza kuitenga picha ya kantini ya kikoloni na ile ya baada ya uhuru, hata kama kuta ni zile zile.

MFANO KUTOKA NAKIVALE

Makazi ya Nakivale, yaliyomo wilaya ya Isingiro kusini-mashariki ya Mbarara, yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na leo makazi hayo yana watu zaidi ya laki moja. Wengi waliondoka makwao wamebeba vitu vichache sana, na picha ni miongoni mwa vitu vyepesi kubeba.

Ichukuliwe kwa mfano picha moja ya kubuni. Ina chupa za Primus, kwa hiyo ni Kongo, Rwanda au Burundi. Mwanamume mmoja amevaa abakosti, kwa hiyo yaelekea ni Zaire kabla ya miaka ya 1990. Nyuma ya ua waonekana maji na ardhi iliyoingia ziwani kama vidole. Umbo hilo linafanana na Bukavu, mji uliojengwa juu ya rasi za Ziwa Kivu. Kama ingekuwa Goma, yangetazamiwa mawe meusi ya volkano. Kama ingekuwa Uvira, milima ingesimama karibu nyuma ya mji na ziwa lingekuwa Tanganyika.

Hapo picha imefika Bukavu bila mtu kuulizwa neno. Kinachobaki, yaani jina la baa na la mtaa, hakimo katika karatasi. Kimo katika vichwa vya wazee, na kila mwaka vichwa hivyo vinapungua.

KUULIZA KAMA MPELELEZI

Askari polisi wanajua kanuni hii vizuri: shahidi asitiwe jibu kinywani. Anayesema, "Mzee, hii si ile baa ya karibu na soko?" atajibiwa "Ndiyo" kwa heshima tu. Aulize, "Mzee, hapa waona nini?" kisha anyamaze. Mashahidi waulizwe mmoja mmoja, si kwa mkutano, maana mwenye sauti kubwa huwafuta wengine. Wakikubaliana watatu ambao hawakusikizana, jambo hilo laweza kuandikwa. Wakitofautiana, yaandikwe majibu yote pamoja na jina la kila aliyeyatoa.

Wanawake wasisahauliwe. Aliyepika pombe, aliyeuza nyama choma nje ya mlango, na mke aliyetumwa kumwita mumewe usiku, aghalabu hukumbuka baa kuliko wanywaji wenyewe.

Aibu nayo huzuia mengi. Uamsho wa Walokole, uliotoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulishika mizizi Ankole, na wengi waliookoka hawapendi kuonekana na chupa. Si ajabu kukuta picha iliyokatwa kwa mkasi. Wazee wa namna hiyo waelezwe kwa adabu kwamba hakuna anayewahukumu. Kuihifadhi picha si kuisifu pombe. Askari aliyelewa ni hasara kwa kikosi chake na kwa watoto wake, jana kama leo. Ila kosa la ujana si sababu ya kuchoma ushahidi ambao wajukuu wauhitaji.

TAHADHARI NA FAIDA

Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, huwasaidia watu waliopotezana na jamaa zao. Kazi hiyo hutegemea majina kamili, mji, mtaa na mahali ambapo mtu alionekana mara ya mwisho. Mtoto asemaye "Baba alikuwa Bukavu" ametoa kidogo. Asemaye "Baba alifanya kazi katika baa fulani, mtaa fulani, kabla ya vita" ametoa mlango wa kubishia.

Lakini picha ya mkimbizi isisambazwe ovyo. Aliyeketi pembeni ya meza huenda bado yuko hai, na huenda wapo wanaomtafuta kwa nia mbaya. Picha ionyeshwe kwa mkono, kwa mtu anayefahamika, na ikipelekwa ofisini ipewe mwenye dhamana ya kazi hiyo.

Nyumbani, picha ipigwe nakala, na ile ya asili iwekwe katika bahasha kavu, mbali na jua, moshi na mchwa. Isibandikwe kwa gundi. Nyuma yake yaandikwe kwa penseli laini, bila kukandamiza, mambo matano: majina ya waliomo kuanzia kushoto, jina la mahali, mji, mwaka unaokisiwa, na jina la aliyetoa habari pamoja na tarehe aliyoitoa. Lisilo na hakika liwekewe alama ya kuuliza. Kazi hiyo haichukui nusu saa, lakini yafaa ifanywe Jumapili hii, maadam yupo mzee wa kuulizwa.