Jiwe Lilianguka Bure, Mbona Wakalifuata Angani?

Mkulima wa Werugha, kule juu kwenye milima ya Taita, akitaka kujua kama shamba lake linafaa kwa kabeji, huchimba udongo kidogo, akautia katika mfuko safi na kuupeleka maabara. Akikosea akautia katika gunia lililokuwa na mbolea, kazi imeharibika. Itakayopimwa ni mbolea ya gunia, wala si udongo wa shamba.

Likumbuke gunia hilo, msomaji, tutalirudia.

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini magharibi mwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni mkoa wa Songwe, Tanzania. Usikichanganye na lile pande kubwa la chuma la Mbozi, katika mkoa huohuo. Hiki cha Ivuna ni jiwe jeusi, laini, na vipande vilivyookotwa vilikuwa na gramu 705 tu. Lakini thamani yake! Ukiziacha gesi nyepesi kama haidrojeni, vitu vilivyomo vinakaribia kulingana na vya jua lenyewe. Ndiyo mali ghafi iliyounda jua na sayari zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Vimondo vya namna hiyo vinahesabika kwa vidole, na jamii yake yote huitwa CI. Hiyo I ni Ivuna.

Sasa utauliza, kama nilivyouliza mimi: ikiwa jiwe lilikuja lenyewe bila nauli, mbona Japani ikarusha chombo cha Hayabusa2 mnamo Desemba 2014? Chombo hicho, kisicho na mtu ndani, kilisafiri miaka mitatu na nusu hadi kwenye sayari ndogo ya Ryugu, ambayo upana wake haufiki kilomita moja na nusu. Mwaka 2019 kilishuka mara mbili. Hakikukaa kuchimba, kiligusa tu, kikafyatua risasi ndogo, vumbi likaruka na kuingia katika bomba lake, nacho kikaondoka. Desemba 2020 mzigo wake, umezibwa barabara, ulitua kwa parachuti jangwani Woomera, Australia. Gramu 5.4, kama kijiko cha chai.

Vumbi hilo lilipopimwa, likaonekana ni ndugu wa Ivuna. Ila katika Ivuna mlikuwa na chumvi za salfeti na maji mengi zaidi, na katika Ryugu salfeti hizo hazikuonekana. Zilitoka wapi? Katika unyevu wa hewa yetu, uliolipenya jiwe miaka yote lilipokaa kabatini. Mtu anayetafuta asili ya maji ya bahari zetu angeyahesabu ya Ivuna yote kuwa ya angani, kumbe mengine ni ya hapahapa duniani. Hilo ndilo gunia la mbolea.

Septemba 2023 chombo cha Marekani, OSIRIS-REx, kilileta gramu 121.6 kutoka sayari ndogo ya Bennu. Humo zimo chumvi za sodiamu ambazo huharibika upesi zikipata unyevu. Ndiyo maana mawe hayo hufungiwa katika masanduku yenye gesi ya naitrojeni, na anayeyashika huingiza mikono katika glavu zilizoshonewa ukutani mwa sanduku.