Uchovu wa Mkono Una Bei Gani?

Mwezi uliopita nilikwenda Isiolo kwa shughuli za kifamilia. Nikisubiri basi la kurudi, nilikaa karibu na mama wa Kiborana aliyekuwa akisuka chombo cha maziwa kwa nyuzi za mizizi. Anatoboa kwa sindano, anapitisha uzi, anavuta, anakaza, kisha anaanza tena. Chombo kama hicho lazima kikazwe mpaka kisivuje hata tone.

"Umeanza lini, mama?"

"Kabla ya Ramadhani, mwanangu."

Nasi tulikuwa tunaingia Mfungo Tatu.

Sisi wa pwani uchovu huo twaujua. Aliyepata kusuka ukili wa mkeka anajua vidole vinavyokufa ganzi, ukindu ule ule, mwendo ule ule, siku baada ya siku.

Jambo hilo hilo ndilo linalowashughulisha wasanii wakubwa wa leo. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufundisha Nsukka, Nigeria, huunganisha maelfu ya vizibo vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, akisaidiwa na mikono mingi. Mwaka 2023 kazi zake zilitundikwa katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga vyungu bila gurudumu. Huongeza udongo pindo juu ya pindo, kisha husugua mpaka uso ung'ae. Mwaka 2014 alitengeneza kazi ya vipande 1,001 vya kioo vilivyoning'inizwa pamoja.

Kwa nini warudie hivyo? Kizibo kimoja ni taka. Vikiwa maelfu, jicho hushindwa kuhesabu, na hapo mtazamaji huanza kujiuliza: hizi ni siku ngapi? Ni mikono mingapi? Mshono wa elfu haukazwi kama wa kwanza. Mahali fulani umelegea kidogo, pengine umevutwa zaidi. Hapo ndipo unapomuona mtu aliyechoka na bado akaendelea. Mashine haichoki, kwa hiyo haiachi alama hiyo.

Sasa nakiri kosa langu. Pembeni mwa yule mama kulikuwa na chombo kilichokwisha. Aliponitajia bei, nikaruka kama ilivyo ada yetu: "Punguza, mama." Hakunijibu. Alikunjua vidole mara mbili tatu, akarudi kwenye mshono wake.

Nikaona haya. Kule London watu husafiri kwenda kuutazama muda wa msanii, wala hawaulizi kizibo kiligharimu nini. Sokoni kwetu twahesabu mizizi na ukindu, lakini siku za msusi twazitaka bure.

Nililipa alichotaja. Nawe ndugu msomaji, ukishika kofia ya viua kesho, vihesabu viua vyake kwanza, ndipo useme bei ni ghali.