Viraka vya OpenBSD: Hitilafu Inapogeuka Mlango

OpenBSD ni mfumo endeshi wa kompyuta wa jamii ya Unix. Hutungwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na msimbo wake wote uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuunakili, kuubadili, hata kuuweka ndani ya mashine za kuuza, bila kulipa chochote. Mwanzilishi wake, Theo de Raadt, alizaliwa Afrika Kusini akakulia Kanada. Aliuanzisha mwaka 1995 baada ya kuachana na wenzake wa mradi wa NetBSD, mfumo mwingine wa jamii hiyo hiyo, na makao ya mradi wake mpaka leo ni jiji la Calgary. Wanaoujua kwa jina ni wachache, lakini kazi yake imefika mbali kuliko jina lake. OpenSSH, programu ambayo mafundi wa seva huitumia kuingia katika mashine zilizo mbali nao, ilitokana na mradi huu mwaka 1999. Maktaba ya msingi ya simu za Android nayo ina sehemu nyingi za msimbo uliochukuliwa humo.

Toleo jipya la OpenBSD hutoka mara mbili kwa mwaka. Likishatolewa halifumuliwi tena. Kasoro zinazogunduliwa baadaye hutengenezewa viraka. Kila kiraka hupewa namba, kuanzia 001, pamoja na tarehe, aina za mashine zinazohusika na maelezo ya sentensi mbili tatu. Kisha, kwa kawaida, huwekwa katika mojawapo ya mafungu mawili: marekebisho ya usalama, au marekebisho ya uthabiti.

Fungu la uthabiti ni la hitilafu zinazoiharibia mashine kazi yake. Kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayoisimamia mashine nzima, hukutana na hali ambayo watunzi hawakuitarajia, kompyuta ikazimika papo hapo. Au programu inachukua kumbukumbu kidogo kidogo bila kuirudisha, mpaka baada ya siku kadhaa mashine inaishiwa. Au kadi ya mtandao inakwama pale mzigo unapozidi. Fungu la usalama ni la kasoro zinazompa mtu nafasi asiyostahili: kusoma siri za mwingine, kupita bila nywila, au kujitwalia mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine.

Kwa mwenye mashine mgawanyo huo una manufaa, kwa sababu humwonyesha lipi la kuwahi kwanza. Hata hivyo mpaka wake ni mwembamba sana, na ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini kuliko jambo jingine lolote katika habari hii.

Sehemu kubwa ya OpenBSD imeandikwa kwa lugha ya C, na lugha hiyo humwachia mtunzi jukumu la kupima kumbukumbu mwenyewe. Akitenga nafasi ya herufi 64 na zikaja 100, C haimzuii. Zile 36 za ziada huandikwa juu ya chochote kilichokuwa jirani: namba, jina la faili, au anwani inayoiambia kompyuta ielekee wapi baada ya kumaliza hatua iliyopo. Ziada hiyo ikiwa ni takataka, kompyuta huelekea mahali pasipo na kitu na programu ikaanguka. Mwenye mashine ataiona ni hitilafu ya kawaida, ya kuudhi tu. Lakini mtu aliyepima umbali kwa hesabu anaweza kuziandika zile herufi 36 hivi kwamba kompyuta ielekee anakotaka yeye. Kasoro ni ile ile, na mstari wa msimbo ni ule ule. Kilichobadilika ni ujuzi na nia ya aliyeigusa.

Mwaka 1996 watunzi wa OpenBSD walianza kazi ya kuusoma upya msimbo wote, faili kwa faili, wakitafuta makosa. Hawakusubiri kuthibitishiwa kwamba kosa fulani linaweza kutumiwa na mvamizi. Waliliondoa kwa sababu ni kosa. Mara nyingi ilitokea kwamba tundu la hatari lililotangazwa katika mifumo mingine lilikuwa limeshazibwa ndani ya OpenBSD miezi mingi kabla, na aliyeliziba hakujua kwamba lilikuwa tundu. Katika kazi hiyo hiyo, mwaka 1998, zilizaliwa strlcpy na strlcat, vipengele viwili vidogo vya kunakili na kuunganisha maneno bila kuvuka mpaka wa nafasi iliyotengwa. Maktaba ya C inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux ilivikubali mwaka 2023. Miaka 25 ni muda mrefu kwa jambo jema kama hilo kungoja.

Pamoja na uangalifu wote huo, mwaka 2007 mradi wenyewe ulipata somo kuhusu mpaka wa mafungu yale mawili. Mwezi Februari, watafiti wa kampuni ya Core Security waliwaarifu watunzi kwamba kiini cha OpenBSD kinakosea katika kushughulikia pakiti fulani za IPv6, mojawapo ya itifaki za msingi za intaneti, zilizokatwa vipande. Pakiti hizo zikipangwa kwa namna maalumu, mashine inaanguka. Watunzi walilirekebisha kosa hilo haraka, wakalihesabu kuwa la uthabiti. Kwa maoni yao, mtu wa mbali angeweza kuizima kompyuta, lakini asingeweza kuitawala.

Watafiti hawakuridhika. Waliendelea kuichambua kumbukumbu iliyoharibika mpaka wakaandika programu ya majaribio iliyothibitisha kinyume chake: mtu aliye upande wa pili wa waya aliweza kuendesha msimbo wake ndani ya kiini chenyewe, mahali ambapo hakuna ulinzi wowote juu yake. Mwezi Machi kiraka kikahamishiwa fungu la usalama, na wale wasioweza kukiweka mara moja wakashauriwa kufunga pakiti zote za IPv6 kwa kichujio cha mtandao. Mradi ulikuwa ukijivunia hadharani kwamba kwa zaidi ya miaka 10 mfumo wake, ukiwekwa bila kubadilishwa chochote, ulikuwa umepatikana na tundu moja tu la kuingilia kutoka mbali, lile la OpenSSH la mwaka 2002. Ilibidi waandike upya: matundu mawili. Kuandika hivyo kulihitaji ujasiri, maana kubishana juu ya tafsiri ya neno kungekuwa rahisi zaidi.

Aliyekuwa amekipuuza kiraka kile kwa kuwa kilihusu uthabiti tu alikuwa ameacha mlango wazi bila kujua. Hilo laweza kutokea tena kwa kiraka chochote cha fungu hilo.

Kiraka chenyewe, katika umbo lake la asili, ni maandishi mafupi. Mistari inayoanza na alama ya kutoa ni ya kuondolewa, inayoanza na alama ya kujumlisha ni ya kuongezwa. Marekebisho mazito huweza kuwa mistari mitatu. Kwa miaka mingi mwenye mashine alilazimika kuupakua msimbo, kuubandikia kiraka, kisha kuitafsiri programu upya kwa lugha ya mashine, kazi iliyoweza kuchukua saa nyingi katika kompyuta dhaifu. Wengi walikuwa wakiahirisha, na kuahirisha ndiko kunakompa mvamizi nafasi, kwa sababu kiraka kikishatangazwa humwonyesha hata yeye mahali kosa lilipo. Toleo la 6.1 la Aprili 2017 lilileta syspatch, amri inayopakua faili zilizokwisha kutafsiriwa na kuziweka mahali pake kwa dakika chache, kwa aina za mashine zinazotumika zaidi. Faili za zamani huhifadhiwa, ili kiraka kikileta matatizo kiweze kuondolewa. Kikigusa kiini, lazima kompyuta iwashwe upya. Asiyeiwasha bado anaendesha kiini cha zamani, hata kama orodha inaonyesha kwamba kiraka kimeshawekwa.

Kuna swali la uaminifu pia. Faili inayopita katika intaneti inaweza kubadilishwa njiani, na hakuna njia nzuri zaidi ya kumwingilia mtu kuliko kumletea kiraka bandia. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2014, faili za mradi huwekewa sahihi ya kidijitali kwa programu ndogo iitwayo signify. Ufunguo wa kukagua toleo linalofuata huwekwa mapema ndani ya toleo lililopo. Hivyo mwenye mashine aliyeanza na nakala halali hupokezwa imani kutoka toleo moja hadi jingine bila kuhitaji kuuliza mtu wa tatu.

Ugumu mwingine hauko katika msimbo bali katika siri. Mtafiti akigundua kasoro inayohusu mifumo mingi, kwa desturi huwaarifu watengenezaji faraghani na kupanga siku ya kutangaza, ili wote wawe tayari. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef, mtafiti wa Ubelgiji, aligundua kasoro ya mitandao ya Wi-Fi inayojulikana kama KRACK. OpenBSD iliarifiwa Julai, ikatoa kiraka mwishoni mwa Agosti kwa idhini ya Vanhoef, ingawa aliitoa kwa shingo upande, wakati tangazo lilikuja tarehe 16 Oktoba. Baadaye Vanhoef alieleza kwamba siku zijazo angewaarifu watunzi hao wakati siku ya tangazo ikiwa imekaribia zaidi, kwa kuwa kiraka cha mapema kinaweza kuwadokezea wengine siri. Watunzi nao waliona kuwa kuwaacha watumiaji wao na tundu linalojulikana kwa wiki nyingi ni kosa. Pande zote mbili zina hoja, lakini anayeumia kwa kungojea ni mwenye mashine, na haki yake ndiyo inayostahili kupewa uzito zaidi.

Miezi michache baadaye ikaja Meltdown, kasoro ya vichakataji vya Intel iliyoziruhusu programu za kawaida kuchungulia kumbukumbu ya kiini. Kampuni kubwa zilikuwa zimeijua tangu mwaka 2017. OpenBSD iliijua pamoja na umma, Januari 2018. Kiraka cha toleo la 6.2 kwa mashine za amd64, yaani kompyuta za kawaida za biti 64, kilitoka tarehe 1 Machi, baada ya takriban miezi miwili ya kupanga upya namna kiini kinavyotenganishwa na programu.

Mifano hii isimfanye msomaji aamini kwamba makosa yote hutoka nje. Mwezi Januari 2020 kampuni ya Qualys ilifichua kasoro katika OpenSMTPD, programu ya barua pepe ya OpenBSD yenyewe. Kipande cha msimbo kilichopaswa kukagua anwani ya mtumaji kilikosea: anwani ikiwa na sehemu ya kwanza mbovu na jina la kikoa likiwa tupu, ilikubaliwa bila kukaguliwa zaidi. Mvamizi aliweza kuandika amri ndani ya anwani, na mashine ikaitekeleza kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Kasoro hiyo iliweza kutumiwa hivyo tangu Mei 2018, na hakuna hila za hesabu zilizohitajika, herufi chache tu. Kilichopunguza madhara ni kwamba katika usanidi wa kawaida programu hiyo husikiliza barua za ndani ya mashine tu. Seva za barua zilizofunguliwa kwa dunia hazikuwa na kinga hiyo.

Kiraka kinaweza hata kupotea. Mwaka 2006 kasoro moja ya OpenSSH ilizibwa. Miaka mingi baadaye, msimbo ulipokuwa ukipangwa upya, mstari uliokuwa ukiilinda sehemu ile uliondolewa kwa bahati mbaya, na kosa likarudi katika toleo la Machi 2021 linalotumiwa na mifumo ya Linux. Lilitangazwa na kurekebishwa tarehe 1 Julai 2024. OpenBSD yenyewe haikuguswa, kwa sababu tangu mwaka 2001 ilikuwa ikitumia njia salama ya kuandika ripoti katika sehemu ile ya msimbo. Ni ushahidi mwingine wa thamani ya kurekebisha jambo mapema, kabla mtu hajaonyesha kwamba lina hatari.

Viraka hutolewa kwa matoleo mawili ya karibuni tu. Toleo lenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja halipewi kitu, hata kama kasoro yake imetangazwa dunia nzima. Tangu mwaka 2019 amri ya sysupgrade huihamisha mashine hadi toleo linalofuata kwa hatua moja. Anayesimamia seva ya OpenBSD aendeshe syspatch kila kiraka kinapotangazwa, kiwe cha usalama au cha uthabiti, aiwashe mashine upya kiini kinapoguswa, na asipitwe na toleo zaidi ya moja.